Sekunde Nne

Daftari la shangazi Maimu limevimba kwa unyevu.
Jalada lina duara la kikombe, na doa la kahawia
ambalo si chai.
Ukurasa wa thelathini na moja, kwa penseli:
Endel na baiskeli. Karatasi ngumu. Sekunde kumi na nane.
Uso, kinga nne. Anga, ongeza kumi na moja.
Theluji iache.

Niko Tartu, ghorofa ya tatu, saa kumi alasiri
na tayari ni usiku; Desemba ya huku haiombi radhi.
Negativu nimeshaiskani,
vumbi la miaka hamsini nimelipangusa kwa kubofya,
na sasa namtazama huyu Endel
ambaye katika ukoo wetu hayumo.
Uso wake umezama chini ya kofia
kama sarafu kisimani.

Sekunde nne ni asilimia ngapi?
Najaribu ishirini: anang'aa kama aliyepakwa unga.
Najaribu kumi na mbili, burashi laini,
mara moja shavuni, nusu mara chini ya jicho.
Nikikosea, natengua.
Nikitengua vibaya, natengua kule kutengua.
Shangazi hakuwa na kutengua. Alikuwa na ndoo ya taka
na karatasi za gazeti la serikali
ambazo msimamizi alizihesabu kila Ijumaa.

Chumba chake cha giza kilikuwa bafu.
Ubao juu ya beseni, trei tatu juu ya ubao,
taa nyekundu, na mume mlangoni akigonga
anataka kunyoa.
Alikata kadibodi ukubwa wa kopo la dawa ya viatu,
akaifunga kwenye sindano ya kufumia,
akaipitisha juu ya uso wa mtu yule, ikitetemeka,
isitulie hata kidogo,
maana kivuli kikitulia huacha ukingo,
na ukingo husema.

Mimi nina tabaka kumi na saba.
Nimezipa majina: anga, anga tena, kofia, pumzi.
Nimechoma mawingu mpaka yakawa na uzito,
nimetia chembe, nimetia ubaridi wa zambarau vivulini
kama ile dawa yake iliyokuwa ikimuumiza kichwa,
nimezungushia hata ule mstari mweusi wa pembeni
ambao yeye alikuwa akiukata kwa mkasi.
Theluji sikuiacha.
Nilijaribu. Mkono uliwasha.

Jumapili akaja, kajishika kwenye reli ngazi zote tatu,
macho yote mawili yana ukungu.
Nikampa picha iliyochapwa.
Hakuitazama. Akainusa.
"Haina siki," akasema, akaiweka kando ya mkate.

Nikamsogezea kiti mbele ya skrini.
Endel akawaka pale, mkubwa kuliko alivyopata kuwa,
kila kifungo cha koti kinaonekana,
na baiskeli, na theluji niliyoiharibu.
Shangazi hakuuliza nimefanyaje. Mimi ndiye niliyetaka kuuliza,
nilikuwa na swali moja, dogo, halikutoka.

Kisha mkono wake ukapanda.
Vidole viwili vimekunjwa, kiganja kama jani,
ukasimama hewani kati yake na uso ule
na kuanza kutetemeka, si kwa uzee.
"Moja," akasema.
Nilitaka kumwambia: shangazi, zamani mwanga ulitoka juu,
huu unatoka nyuma ya picha, unakuja kwetu;
hapo humkingi yeye,
unajikinga wewe.
"Mbili."
Nikanyamaza.
"Tatu." Kivuli cha kiganja kilikuwa juu ya shavu lake mwenyewe,
shavu likapoa, likawa la msichana, au mimi ndiye nililiona hivyo.
"Nne."

Akaushusha mkono pajani.
"Haya," akasema, "mtie majini
kabla hajawa mweusi."

Nami, nisijue la kufanya,
nikaenda jikoni nikafungua bomba.